Mukeka wa Nyunzu na Nchi Zilizonyamaza

Niliondoka Kalemie na swali la shule kichwani. Mimi ambaye nikiitwa jina tu natazama meza, mwalimu alinipa upande wa kushitaki kwenye mjadala wa Jumatatu: nchi ikijua ugonjwa ikanyamaza, ugonjwa ukavuka mipaka ukawa janga la dunia, itajibu kwa nani? Nchi zilisaini mapatano ya kuambiana mapema, alisema. Mahakama nayo ipo, lakini nchi isipokubali kuitwa, haiendi. Sasa hapo nishitaki nini? Mama akasema niache daftari, twende Nyunzu kwa kaka yake.

Jumamosi asubuhi tulipanda pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva. Tulipopita Niemba barabara ikawa tope tupu, tukashuka kusukuma. Njo hapo ndipo Mama aliponieleza. Kipindupindu kiliingia kwanza nyumbani kwa Mjomba. Akanyamaza, watu wasije wakakataa mafuta yake ya mawese sokoni. Kisima chake ni kimoja na cha jirani, Mama Feza. Mutoto wa Mama Feza akafa.

"Na mutoto wa Mjomba?"

"Alipona. Njo ubaya wenyewe."

Jioni, Nyunzu. Katika ukoo wa Mama, aliyeficha ugonjwa anatandika mukeka uani kwake na kutaja mwenyewe siku aliyojua, mbele ya aliyefiwa. Kisha wanaletewa bukari, ugali wetu, na mboga yake kwenye sahani moja. Aliyefiwa akila, nyumba zinasalimiana tena. Hakuna hakimu.

Mjomba alikaa mukekani mbele ya Mama Feza, akasema akitazama miguu yake. "Nilijua Jumapili. Wako alianza kuugua Jumatano. Ningesema, ungechemsha maji." Angeishia hapo! Lakini akaongeza: "Na ile corona, Mama Feza? Maleta makubwa, hizo serikali za dunia, yalitandika mukeka wapi? Mimi muuza mawese njo wa kuhukumiwa?"

Nilishituka. Lilikuwa swali langu, na sikujua kama ni la kweli au la kukimbia.

Mama Feza alimjibu polepole. "Leta haichoti maji na mimi. Wewe tunakutana kisimani kila asubuhi."

Akanawa. Akamega tonge moja, akalila kavu, akaondoka.

"Amekula!" alisema Mjomba.

"Hakuchovya mboga," alisema Mama.

Jumapili, kabla ya kurudi, tulipita kisimani. Mama Feza alichota, akaiacha ndoo ya kamba ukingoni, upande aliosimama Mjomba na bidoni yake ya maji. Hakumusalimia. Njia nzima nilimuuliza Mama: amesamehe au hajasamehe?

"Na mimi sijui, mwanangu. Kesho watakutana tena."

Jumatatu darasani nilisimama. Nilichotoka nacho Nyunzu kilikuwa kimoja tu, na hakikufanana na sheria.

"Mwalimu, sioni kisima."

"Sema kwa sauti!"

"Kisima cha nchi. Pale ambapo iliyonyamaza italazimika kumuona aliyefiwa kila asubuhi. Sijui kiko wapi."

Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka.