Difu ya Baba na Mlima wa Limuru

Niliondoka nyumbani kwangu Mbotela Jumamosi saa moja asubuhi, kwa miguu, kwa sababu nilikuwa na hasira na gari lilikuwa halifai. Sina masomo mengi na huenda mengine nimeyapanga vibaya, lakini nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata yule ambaye asubuhi hiyo ningependa kumzaba kofi.

Sababu ni hii. Baba yangu alistaafu reli kitambo na sasa anarudi kwetu Maragoli kabisa. Tangu zamani alisema hatarudi kwa basi kama mgeni. Atarudi na gari lake, lile saluni kuukuu alilonunua mimi nikiwa darasa la kwanza. Ijumaa tulitoka na mizigo. Kwenye mlima wa kwenda Limuru gari likakata pumzi. Gia ya pili likakataa, ya kwanza likatetemeka, kisha likazima. Baba, mtu wa miaka sabini na zaidi, akashuka na suti yake kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Vijana juu ya lori la kabichi wakamwimbia, "Sukuma, guka, sukuma!" yaani babu. Tukaligeuza likateremka; tuliporudi kwake Makongeni alisema tu, "Jumatatu nitapanda basi," akaingia ndani.

Saa moja na robo nilikuwa gereji ya Kariuki, hapo hapo Mbotela. Kariuki ndiye aliyebadilisha difu wiki iliyotangulia. Difu ni lile boga la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake gia ndogo inazungusha gia kubwa. Ukigawa meno ya kubwa kwa meno ya ndogo, unapata namba. Namba ikipanda, gari linavuta lakini linapiga kelele likienda mbio. Ikishuka, gari linateleza vizuri kwenye tambarare, ila mlimani ni bure.

"Ulinifungia ngapi?" nikamwuliza.

"Niaje kwanza, Fundi wa Viti," akasema, kwa maana kazi yangu ni kutengeneza viti. "Thelathini na saba kwa kumi. Tatu nukta saba. Ya Thika Road hiyo, wengine wabaki wakila vumbi."

"Nani alikuambia nataka mbio?"

"Gari lako. Lilikuja hapa limevaa rimu za inchi kumi na tano, linang'aa kama bibi harusi. Mwenye rimu kama hizo hajawahi kuniomba nguvu ya kubeba viazi."

"Si ungeniuliza!"

"Na wewe si ungesema! Ulisema difu inalia, toa. Nikatoa. Mlima uliutaja?"

Sikuwa nimeutaja. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba aliniambia meno ya difu ya Baba yameisha, akaipeleka Eastleigh kwa mwuza spea bila kunionyesha hata jino moja. "Kama bado iko, kaichukue," akasema. "Ukirudi nayo nafunga leo leo." Chai aliyonimiminia niliiacha pale ipoe.

Makongeni, saa mbili. Nyumba ya Baba ilikuwa magunia na kamba tu, naye amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki akifunga mizigo.

"Baba, difu yako ya kwanza ilikuwa ngapi?"

"Thelathini na tano kwa nane, nne na ushei," akajibu bila kuinua macho. "Karakana ya reli hatukuifungia injini ya mizigo meno ya injini ya abiria. Kwanza mtu aliuliza: inavuta nini, inapanda wapi, gurudumu lake lina kimo gani?"

"Kimo cha gurudumu?"

Hapo akanitazama. "Haya makubwa uliyonifungia Krismasi."

"Ulisema ni mazuri."

"Ni mazuri," akasema, akaendelea kufunga gunia.

Nilitoka na hasira zaidi, maana sasa sikujua ni juu ya nani. Nikajiambia Kariuki ndiye fundi, yeye ndiye angepima. Labda nilijidanganya.

Eastleigh nilifika saa nne, viatu vimejaa matope ya First Avenue. Duka la Hassan, yule mwuza spea, liko uani, nyuma ya jengo la nguo. Nilipoingia tu nikaiona difu ya Baba juu ya meza, imeoshwa, boliti zake bado na rangi ya kijivu aliyozipaka mwenyewe. Duka hilo lina desturi moja: difu haitoki mpaka meno yahesabiwe kwa sauti mbele ya wote waliopo, asije mtu kurudi kulalamika. Zamu ilikuwa ya hiyo; Hassan akaweka alama ya chaki, akazungusha, wateja wakaitikia mpaka thelathini na tano.

"Meno mazima kabisa," akasema. "Beringi tu ndiyo iliyokuwa ikilia. Nimebadilisha."

Beringi! Nilipiga debe la oili teke likamwagika. Nilijisikia mshenzi, nikaomba radhi, nikapangusa kwa gazeti.

"Basi nipe niende."

"Ina mwenyewe, ndugu yangu. Jana nilimpa ahadi mtu wa kusambaza soda. Anakuja saa saba."

"Hiyo ni ya baba yangu!"

"Ilikuwa yake. Leo nikivunja ahadi ya huyo kwa sababu yako, kesho yako nitaivunja kwa sababu ya nani?"

Nikamweleza habari ya mlima na zile rimu. Akaniuliza kimo cha tairi. Daftari langu la vipimo lilikuwa mfukoni: za zamani sentimita hamsini na nane, hizi sitini na nne. Akapiga hesabu kwenye kipande cha katoni.

"Hata hii ingekusumbua. Tairi imezidi kama sehemu moja ya kumi. Ukifunga hii, utavuta kama mtu ambaye difu yake haifiki nne."

Akashusha nyingine kutoka rafuni. Tukahesabu. Katikati mama aliyekuwa akiuza sambusa mlangoni akadakia, "Arobaini na nne!"

"Mama, wewe hesabu sambusa!" Hassan akamjibu, tukaanza upya. Arobaini na tatu, kwa tisa. Namba inapita nne na robo tatu.

"Kwa tairi zako kubwa," Hassan akasema, "hii inakurudisha karibu kabisa na alipokuwa baba yako." Nikaichukua.

Mbotela nilirudi saa nane kwa bodaboda, chuma mapajani. Nikaleta gari kutoka nyumbani. Kabla ya kushika spana Kariuki akaniuliza kwa kejeli, "Haya, linabeba nani, linapanda wapi?" Lakini aliuliza, akaandika ukutani kwa chaki, na kazi aliifanya safi. Saa kumi na moja gari likawa tayari.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilisimamisha gari mlangoni Makongeni. Baba alikuwa na tikiti ya basi mfukoni.

"Baba, difu imefungwa kulingana na magurudumu haya. Twende na gari."

"Nani alikuambia nayataka?" Hakupaza sauti. "Yanagonga kila shimo, mgongo wangu hauna raha tangu Krismasi. Ya kwangu yako chini ya kitanda. Ukiyafunga, nitapanda."

Jumamosi nzima nilikuwa nimezunguka mitaa ya Eastlands nikifoka kwamba hakuna aliyeniuliza. Yeye nilimwuliza lini? Nilifungua nati kumi na sita, nikafunga magurudumu madogo, huku nikijua difu niliyochagua sasa imezidi.

Mlimani, pale pale lilipozima, Baba akasema, "Simama." Nikasimama. "Sasa ondoka." Likaondoka na magunia yote kama mbuzi apandaye jabali. Baba akachana tikiti, akaweka vipande kwenye kisahani cha majivu.

Lakini tambarare zilipofika, ukipita sitini injini inapiga mayowe hata huwezi kuongea. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, na safari ya nusu siku ikatula hadi jua kuzama. Hasira yangu juu ya Kariuki iliniisha kabla ya Nakuru. Ile niliyokuwa nayo juu yangu nilikaa nayo ikinipigia kelele masikioni.

Maragoli, ndugu zangu walikuwa wameshajipanga njiani. "Mmeleta trekta?" kaka mkubwa akauliza.

"Injini ya mizigo haina haraka," Baba akasema, akashuka mwenyewe, akafunga mlango wa gari lake kwa ufunguo.