Nguvu Iliyohesabiwa Mara Mbili

Jumanne, tarehe tatu Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi ofisini mwangu chuoni nikiandika barua pepe ya kiburi. Neno hilo nalikiri leo. Siku ile ningeliita uthabiti. Mtafiti mmoja wa chuo cha bara alikuwa ameniandikia kwa adabu kwamba ameijaribu kazi yetu na haikufanya tulivyoahidi. Nami, bila kurudi kuitazama hata sehemu moja ya kazi hiyo, nilimjibu kwamba sehemu yangu imejaribiwa kwa miezi mingi na kwamba kosa, kwa vyovyote vile, liko upande wake. Nakala nikampelekea mwanafunzi wangu, ili aone jinsi mwalimu wake anavyomtetea.

Kazi yenyewe ilihusu kutu. Mimi ni mwalimu wa kemia, na nyumba yetu iko Chaani, karibu na bahari, ambako geti la chuma halimalizi miaka mingi kabla ya kuanza kumeguka kama biskuti. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, kwa hiyo kutu hula nasi mezani. Imeonekana katika maabara kwamba maji ya majani ya mwarobaini yakipakwa kwenye chuma huchelewesha kutu. Mimi na mwanafunzi wangu tulitaka kujua sababu: molekuli ya mwarobaini hukishikaje chuma, na hukishika kwa nguvu kiasi gani, ilhali maji ya chumvi yanaivuta kutoka kila upande?

Jambo hilo halionekani kwa jicho wala kwa darubini tuliyo nayo. Huonekana kwa hesabu, ndani ya kompyuta, na hapo ndipo tulipokwama, kwa kuwa tulikuwa na programu mbili na kila moja ilijua nusu ya habari. Moja inahesabu elektroni. Inajua sawasawa jinsi molekuli inavyoshikamana na chuma, lakini ni ya polepole mno. Ukiipa maji ya kujaza kijiko utazeeka ukiisubiri. Nyingine inaendesha maelfu ya molekuli za maji na chumvi kwa wepesi, lakini habari za elektroni haizijui kabisa. Tukaamua kuziunganisha ziende pamoja. Programu ya maji iseme kila atomu ipo wapi. Programu ya elektroni ijibu kila atomu ya chuma na ya mwarobaini inasukumwa kwa nguvu gani. Kisha zote zisogee kidogo, na maswali yaanze tena, mara elfu na elfu.

Mimi niliandika upande wa maji, pamoja na kipande cha katikati kinachobeba habari huku na huku. Upande wa elektroni uliandikwa na mwanafunzi wangu. Ni binti wa Likoni, mtoto wa ukoo wa walimu wa madrasa, niliyemfundisha tangu mwaka wake wa kwanza, na sasa alikuwa akimalizia tasnifu ya uzamifu. Dai kubwa la tasnifu hiyo lilikuwa kwamba kila upande unajitegemea: mtu akiondoa programu yake ya elektroni na kuweka nyingine, upande wangu usihitaji kuguswa. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa yule mtafiti wa bara, na molekuli yake ikabanduka kwenye chuma na kuelea majini kabla hesabu haijafika popote. Binti alikuwa afike mbele ya kamati ya watahini mwezi wa Julai. Dai likianguka, tasnifu inaanguka nalo.

Nilipaswa kukumbuka kwamba molekuli yetu nayo iliwahi kubanduka. Mwanzoni kabisa programu zetu hazikusema neno, kila moja ikingoja mwenzake aanze. Tulizitazama asubuhi nzima tukidhani zimo kazini. Nilipomsimulia mume wangu, aliuliza kama zimeshaposana au zingali zaoneana haya, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuacha kuniuliza habari za wale maharusi. Tulipolitatua hilo, likaja la kubanduka. Wiki tatu molekuli ilikuwa ikivutwa na maji kana kwamba kuna mkono unaoing'oa. Kisha Jumatatu moja nikaingia maabara ya kompyuta na kumkuta binti amesimama mbele ya kioo, na molekuli imelala juu ya chuma, imetulia. Nikamuuliza amefanya nini. Akanijibu kwamba amesafisha mambo kidogo upande wake.

Sikuuliza amesafisha nini. Nilikuwa na furaha mno. Nilinunua mahamri ya idara nzima, nikasimama katika chumba cha walimu nikitangaza kwamba sehemu yangu haikuhitaji kurekebishwa hata herufi.

Siku ile ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, nilisikia hodi nyumbani. Alikuwa yeye. Alikuwa amevuka kwa feri kutoka Likoni na kuja hadi Chaani bila kunipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, akaikataa chai mara mbili. Mume wangu, aliyekuwa akisugua geti kwa msasa uani, alimuuliza habari za maharusi, naye akatabasamu tu.

"Mwanangu, nambie," nikasema.

"Mwalimu, yule bwana wa bara hakukosea."

Nilimwambia kwamba lazima amekosea, maana kwetu kazi inakwenda. Akainamisha macho, akaeleza taratibu, kama mtu anayesoma hati ya mwingine. Maji huivuta molekuli ya mwarobaini kwa umeme wake. Programu yake ya elektroni huuhesabu mvuto huo, kwa kuwa tuliiandika iyaone maji yanayoizunguka. Upande wangu wa maji ulipaswa kuuacha. Mimi sikuuacha, nao niliuhesabu. Kwa hiyo, katika kila hatua, molekuli ilikuwa ikivutwa mara mbili kwa mvuto mmoja, na ndiyo sababu ilikuwa ikibanduka. Aliligundua kosa hilo Ijumaa moja. Jumapili akaandika upande wake mstari mmoja unaoutoa mvuto huo kabla ya kunitumia majibu. Wangu umezidi, wake umepungua, jumla ikawa sahihi. Yule bwana wa bara alipoweka programu yake, mstari huo haukuwemo.

"Ukauandika usiniambie?"

"Ningeanzaje, Mwalimu? Hesabu nimezijulia kwako."

Nilitaka kukasirika, na kwa dakika chache nilikasirika kweli. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sidhani kama yeye alikusudia nilikumbuke. Katika mwaka wake wa kwanza aliwahi kunyoosha mkono na kusema kwamba ishara moja ya hesabu ubaoni ilikuwa kinyume. Ilikuwa kinyume kweli. Nilimwambia akae, tukimaliza atanifundisha ofisini. Darasa lilicheka. Ishara niliibadilisha bila kumtazama, na tangu siku ile hakunyoosha tena mkono mbele ya watu. Nilikuwa nimezoea kuuita ukimya wake adabu njema, na nikausifu kwa wazazi wake.

Nilimwomba anionyeshe mstari wenyewe. Aliifungua kompyuta yake mapajani. Ulikuwa pale pale, mfupi, na juu yake ameandika maneno mawili: marekebisho ya mpaka. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi. Nilipoufuata kwa kalamu kwenye karatasi, nikihesabu kila kilichotolewa na kilichobaki, nilikuta ameutoa mvuto ule ule uliozidi, hakugusa hata chembe ya mwingine. Kulipata kosa la mwenzako bila kumuuliza, kutokana na jinsi molekuli inavyoondoka tu, ni kazi ambayo mimi mwenyewe sikuiweza kwa wiki tatu. Hasira yangu ilipotea hapo, na mahali pake nikaona fahari ambayo sikujua niiweke wapi, kwa kuwa ilikuwa imechanganyika na aibu.

Lakini fahari haikuondoa hatari. Mstari ule ulikuwa unaficha kosa, na tasnifu ilikuwa inadai kwamba hakuna kilichofichwa. Mtahini akiufungua msimbo wa programu akakuta nguvu imepunguzwa bila maelezo, angeweza kusema matokeo yamepikwa, na binti hangekuwa na la kujitetea ila kumtaja mwalimu wake. Nilijua hangenitaja. Alikuwa tayari na shauri: tuufute mstari wake, nami nirekebishe upande wangu, tumwandikie yule bwana kwamba tumetoa toleo jipya, na mambo yaishe.

"Hapana atakayejua, Mwalimu."

Nasema kweli, nilivutiwa. Mume wangu, aliyekuwa ameyasikia yote kupitia dirishani, aliingia akifuta mikono kwa kitambaa, akauliza kama tulichokipata ni kiungo kibovu. Nikamwambia ni kitu cha namna hiyo.

"Sisi twakikata twachomelea upya," akasema. "Na mkaguzi aambiwa ni kipi. Asipoambiwa, kesho atilia shaka vyote."

Binti alicheka kidogo, kisha akaomba ile chai.

Jioni hiyo nilimwandikia mtafiti wa bara barua ya pili. Nilimwomba radhi, nikamweleza kosa lilikuwa wapi na ni nani aliyelipata. Sikupamba. Alinijibu siku iliyofuata kwamba alikuwa ameshaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe, na kwamba barua hiyo imemponya. Kisha kazi ikaanza. Mimi nililirekebisha kosa langu upande wangu. Binti akaufuta mstari wake. Hesabu zote za tasnifu tukazianza tangu mwanzo. Zilitumia sehemu kubwa ya mwezi, kwa sababu umeme ulikatika mara kadhaa na kompyuta zetu si changa. Kila asubuhi nilikwenda maabara kutoka chumba cha walimu nikiwa na uso wa mtu anayengoja habari za hospitali. Wenzangu waliokula mahamri yangu nao niliwaambia. Mmoja akasema kwamba basi idara inanidai mahamri mengine ya kuomba msamaha. Nikayanunua.

Katika siku hizo nilimwona binti akibadilika, au pengine mimi ndiye niliyeanza kumwona. Siku moja nilikuwa nikieleza jinsi tutakavyolinganisha matokeo mapya na ya zamani. Akanikatiza katikati ya sentensi, mbele ya wanafunzi wawili wa uzamili, akasema, "Samahani, Mwalimu, hapo sikubaliani." Wale wawili wakaniangalia. Nikamwambia aeleze. Alieleza, na alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kwa sehemu ndogo nilikuwa sahihi mimi, na hiyo nayo aliikubali bila shida.

Molekuli ilibaki juu ya chuma. Nguvu ya kushika ilitoka ile ile tuliyoipata mwanzo, kama tulivyotarajia. Jambo ambalo hatukuwa na uhakika nalo lilitoka bara. Mtafiti yule alichukua upande wangu uliorekebishwa, akaweka programu yake mwenyewe ya elektroni, asiubadilishe wangu kwa lolote. Ujumbe wake ulikuwa wa neno moja: Imetulia. Nilimpelekea binti, naye akanipigia simu. Nilimsikia mama yake nyuma yake akiuliza kuna nini.

Mwisho wa mwezi niliiandikia kamati ya watahini. Barua ilikwenda kwa Kiingereza, kama taratibu za chuo zinavyotaka, lakini niliifikiria kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Waheshimiwa wanakamati,

Tasnifu mnayoisoma imefanyiwa hesabu upya. Katika toleo la kwanza la kazi hii, upande nilioandika mimi uliuhesabu mvuto wa maji mara ya pili. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na sikuliona. Mwanafunzi wangu aliliona, akalirekebisha upande wake kwa mstari mmoja ili matokeo yawe sahihi, na hakunitaja kwa sababu ya heshima ambayo mimi ndiye niliyemfunza vibaya. Mkiukuta mstari huo katika msimbo wa zamani, jueni kwamba haukuwekwa kuwadanganya.

Matoleo yote mawili nimeyaambatisha, pamoja na majaribio ya mtafiti wa nje aliyetumia programu nyingine. Dai la tasnifu sasa linasimama bila msaada wa mstari wowote uliofichwa. Katika makala tutakayoichapisha, nimeomba jina la mwanafunzi litangulie langu; alikataa, nami nimeshikilia.

Nimefundisha miaka mingi na nimewaandikia wengi barua za kuwasifu. Hii si mojawapo ya hizo. Nasema tu lililotokea. Naelewa kwamba siku ya mtihani huenda mkataka kuniita nifafanue upande wa maji, kwa kuwa ni kazi ya mkono wangu. Niko tayari. Ila nawashauri mumuulize yeye. Anaujua kuliko mimi."