Dawa Tatu za Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kumtazama mteja usoni. Alizungumza na kioo. Kiti kilielekea ukutani, na maneno yake machache yakapitia huko: "Tupunguze pembeni?" Akikutana na mtu uso kwa uso, jasho lilimtoka na ulimi ukagoma. Mtaani walimwita Bubu. Mama yake alipozikwa, ndugu walimwomba aseme maneno mawili tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amejikunyata kando ya pipa la maji.

Basi binti yetu wa pekee akachumbiwa, akaja kibandani kwa baba yake.

"Baba, siku ya harusi sitaki baba mdogo aniongelee mbele ya wageni. Nakutaka wewe."

"Utaniua, mwanangu," kinyozi alikiambia kioo.

"Basi nisiongelewe na mtu."

Mimi sina subira. Nilimburuta mume wangu hadi kwa daktari.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kumeza kabla ya shughuli. Mikono iliacha kutetemeka, moyo ukaacha kumwenda mbio, nami nikastaajabu. Lakini hofu ilibaki kichwani. "Mwili umetulia," aliniambia, "ila watu bado nawaogopa."

Ya pili ilikuwa ya kumlegeza, na daktari alimkataza kushika wembe akiwa ameimeza. Nani amsikilize? Makubwa! Siku hiyo Bubu aliongea kama redio. Alimtania seremala kuhusu kitambi chake, akacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko akamfyeka sharubu upande mmoja. Mchana alikoroma kwenye kiti cha wateja. Daktari alizichukua zilizobaki. "Hii si ya kinyozi," alisema. "Tena mtu akiizoea, kuiacha ni kazi."

Ya tatu ni ya kila siku, na ni mvivu ajabu. Wiki za mwanzo ilimletea kichefuchefu tu, nami nikaitukana waziwazi.

"Vumilia, mama," daktari alinijibu. "Na yeye ajizoeze kukaa na watu kidogo kidogo."

Kisha asubuhi moja nikampelekea chai, nikaganda mlangoni. Alikuwa amekigeuza kiti! Mteja amekipa kioo mgongo, na mume wangu anamuuliza, macho kwa macho, kama mtoto wake amepona homa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi! Sikuingia, nikaogopa kuharibu.

Siku ya harusi ukumbi ulifurika. Mume wangu alikuwa amemeza na ile dawa ya kwanza, kwa ruhusa ya daktari. Akasimama, macho yakitafuta ukuta. Seremala, ambaye sharubu zake zilikuwa zimeanza kulingana, akakohoa. Nikaona mkono wa mume wangu ukiingia mfukoni na kutoka na kile kioo kidogo cha kuwaonyeshea wateja kisogo. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Alikitazama kidogo, akakilaza mezani kifudifudi.

"Mwanangu," alisema, "nimekukata nywele tangu utotoni, na siku zote nimekuona kwenye kioo. Geuka huku nikuone."

Binti akageuka. Walitazamana, wote wawili wakilia. Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemdai.