Stata ya Gari la Bibi Harusi

Mimi ni fundi magari hapa Musoma, na najisifuga kwamba gari la Kijerumani likikohoa tu, nimeshajua ugonjwa. Jumamosi nilikuwa dereva wa rafiki yangu na bibi harusi wake. Tulipotoka kanisani kwenda sherehe Butiama, gari likagoma kuwaka.

“Stata imekufa!” nikawatangazia wageni wote. Nikavua koti, nikaingia uvunguni na shati langu jeupe, nikaomba nyundo ya kuigongea.

Bibi harusi akapenyeza mkono dirishani, akarudisha gia kwenye P, ya kuegesha, akawasha. Injini ikanguruma juu ya pua yangu.

“Shemeji,” akaniita, “uliliacha kwenye D, gia ya kwendea, lingewakaje? Toka huko, tunachelewa.”

Vigelegele vikalipuka. Nikabaki chali kulekule, nikiomba watu watawanyike kwanza.