Mkeka wa Chumba Chetu

Fundi kakata boriti kuukuu uani kwangu, na harufu ya mikoko ilipopanda tu, nikawa mtoto tena, nimelala chali katika nyumba ya shangazi yangu huko Maskati, napiga kelele.

"Mama! Boriti za kwetu! Zipo hapa!"

Ilikuwa nyumba ya kuta nene kama za ngome, na kila kitu ndani yake kilikuwa kigeni kwangu, mpaka nilipotazama juu. Boriti zilezile, nyekundu vilevile kama za Unguja!

"Marehemu babu kazileta kutoka huko kwenu," shangazi alimwambia mama. "Chumba hakipanuki kupita urefu wa boriti zake, wifi. Upana wa vyumba vya huku na vya Unguja ni mmoja."

Tangu tuhame Unguja, tushuke melini na kuingia nyumba ile, mama alikuwa amekaa juu ya sanduku, buibui mwilini, viatu miguuni. Mkeka wetu, alioushona bibi kwa kipimo cha chumba chetu cha Unguja, ulikuwa bado umefungwa kamba.

"Usiuguse," alinionya. "Hautaenea kwenye nyumba ya watu."

Lakini nani angeniweza siku ile? Nikafungua kamba, nikausukuma, ukabingirika wenyewe mpaka mwisho wa chumba. Nikakimbilia ukuta huu, nikakimbilia ule. Hapakubaki hata pa kupitisha kidole!

"Umeenea, mama! Umeenea!"

Mama akasimama. Akautazama mkeka, akazitazama boriti. Kisha akainama, akavua viatu.