Nilivyofuta herufi za fundi kwenye mashine ya unga Nachingwea

Wakuu, heshima zenu. Mlio ule bado ninao masikioni: vuuuum! Kisha mfuko wa unga ukanywea, fyuuu. Siongezi chumvi, yalinikuta mwenyewe miaka ya 2000 mwanzoni.

Nilimaliza la saba nikiota umeme tu. Nikajifunza kwa fundi mmoja pale Nachingwea, mpenda chai kuliko testa. Alipata kazi ya wiring Ruangwa, akaniambia:

"Binti, funga mota ya mashine ya unga ya Mama Hadija. Ikifanya kazi, kesho tunaenda wote. Ukiharibu, rudi kwenu Chiola ukapalilie ufuta." Akaenda zake kunywa chai.

Mota ilikuwa imetolewa kubadilishwa bearing. Sehemu za kufungia zina herufi U, V, W. Nyaya za umeme ni tatu, zote nyeusi, ila fundi alikuwa ameziandika kwa chaki: R, Y, B. Yaani nyekundu, njano, bluu. R iende U, Y iende V, B iende W. Mteremko!

Sasa mimi na huruma zangu. Nyaya zimejaa vumbi la unga, nikaziona kama watoto wasioogeshwa. Nikazipangusa mpaka zikang'aa.

Chaki nayo ikaenda.

Wakuu, nilikaa chini. Halafu nikafunga kwa kubahatisha.

Fundi akarudi, akawasha. Mota ikanguruma, lakini inazunguka kinyume; ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga ukanywea. Foleni ya kina mama na ndoo zao ikacheka.

"We fundi," Mama Hadija akasema, "hii inasaga au inatupepea?"

Fundi akainama, akaona nyaya safi. "Nani kafuta herufi zangu?"

Ningeweza kusingizia panya. Nikasema, "Mimi, fundi. Zilikuwa chafu."

Akacheka hadi akakohoa. "Zima main switch. Badilisha nyaya mbili, zozote kati ya hizo tatu, itageuka. Ungekaa kimya, ningekuacha. Kapange nguo, kesho Ruangwa."

Nikabadilisha. Mfuko ukavimba, kina mama wakapiga vigelegele.

Nilichojifunza: herufi kwenye waya si uchafu, na usipojua, uliza. Mafundi humu, nanyi mlianza na kituko gani? Msione aibu, mimi nimeshavua nguo.

Ila kabla ya gari la Ruangwa, alfajiri nilipita mashineni. Hakuna mtu. Nikahakikisha umeme umezimwa, nikatoa rangi yangu ya kucha, nikaandika upya herufi kwenye kila waya, nikapuliza mpaka ikakauka.