Usingizi wa Cirhuza

Rosalie wa Nyantende hakuwa mwanamuke wa kuamini soda, ni kusema askari wa jeshi. Tangu mutoto wake Cirhuza, motari wa kubeba watu kwa pikipiki, akamatwe sababu ya risasi zilizokutwa ndani ya mufuko wa abiria, alipika kila asubuhi akashuka Bukavu kwa miguu mupaka kwenye kambi ya jeshi. Kule kasho, chumba cha kufungia watu, mutu analishwa na watu wa kwao. Na chakula ukikiachia mulinzi, kinaishia kwa tumbo ya mulinzi. Kwa hiyo Rosalie hakuondoka kabla ya kuona mutoto akimeza.

Kitu hakujua ni kwamba Cirhuza hakuwa analala. Kapiteni wa kambi alimuuliza usiku na mchana. Akisinzia, anamwagiwa maji. Alitakiwa kukubali kwamba risasi ni zake. Yeye alikataa tu, mupaka akaanguka. Ndipo serija Dany, mulinzi wa kasho, akamukumbusha kapiteni sheria ya jeshi: mufungwa anayeulizwa hanyimwi usingizi. Kapiteni akakubali kwa shida: basi alale mupaka aamuke.

Rosalie akafika na bugali yake ingali moto.

“Maman, iko analala,” Dany akamuambia. “Weka hapa, nitamupatia.”

“Utamupatia ao utakula? Mashavu yako inanenepa, ya mutoto wangu inaisha.”

Dany akacheka kidogo. Akamueleza polepole kwamba kijana akiamuka wataanza tena kumuuliza, na sheria inamulinda akiwa usingizini tu. Rosalie akaona ni maneno ya njaa. Akamujibu kwamba sheria ya soda haijamushibisha mutu bado, akapaza sauti akaita jina la mutoto wake mupaka kijana akatoka, anayumba, macho mekundu. Akameza matonge machache. Mama akafunika chungu, akaenda zake ameridhika.

Ile sauti ilifika kwa ofisi ya kapiteni pia. Jua halijapanda sana, Cirhuza alikuwa amekubali yote na kutia kidole kwenye wino.

Wakamuhukumu, wakamupeleka gereza. Siku ya kwanza ya kumuona kule, Rosalie akamugombeza: alikubali namna gani kitu ambacho hakufanya? Yeye alizaa muongo?

“Maman, ningelala kidogo tu, ningekataa tena,” Cirhuza akasema. “Kapiteni aliniambia nikikubali, nitalala.”

Rosalie hajawahi kuomba mutu musamaha. Akamusogezea sahani.

“Kula.”

Hakuwa na njaa. Lakini mama yake alikuwa anamutazama, akakula.